Mama Yake Ako Wapi?

Pale getini nilitaka kudanganya. Wakati huo mtoto wa chini ya miaka mitano alikuwa halipiwi kwenye hifadhi za KWS, na Kadogo alikuwa ametimiza mitano wiki mbili tu kabla. Mfuko ulikuwa umebana. Nikafungua mdomo niseme "minne", lakini akaniwahi. Akainua kiganja, vidole vyote vimetanuka: "Niko na tano!" Askari akacheka. Nikalipa kwa simu, na hapo hapo nikajua chakula cha mchana kitakuwa zile ndizi tulizobeba kutoka nyumbani.

Tulikuwa tumetoka Nyanchwa alfajiri, mimi na watoto wawili wa dadangu. Sisi watu wa Kisii wanyama tunao, ila ni wa mawe: tembo na viboko wanaochongwa Tabaka na kuuziwa watalii. Hata koo zetu zina wanyama wao, kuna wa chui, kuna wa kiboko, kuna wa pundamilia. Lakini milima imejaa majani chai, migomba na nyumba. Chui amebaki jina. Kwa hivyo tukapanda matatu, Oyugis, Sondu, Ahero, hadi Kisumu, kwenye hifadhi ya Impala kando ya ziwa.

Ni mahali padogo, hapafiki kilomita moja ya mraba. Palitengwa mwaka wa 1992 kuwalinda swala pala wachache waliokuwa wamebaki huku mji ukiwasonga, na viboko wanaotoka majini kuja kula nyasi. Swala wanatembea watakavyo. Simba, chui na fisi ndio wako nyuma ya waya. Yule mkubwa, wa miaka minane, aliliona hilo mara moja: "Anko, kumbe hapa anayekula wengine ndiye anafungwa?" Nikamwambia angekuwa waziri.

Tumbili akatupokonya ndizi mbili. Kadogo akalia, kisha akaona jinsi tumbili anavyomenya ganda polepole kama nyanya yetu, akaanza kucheka na makamasi yake.

Halafu tukafika kwa chui. Alikuwa amelala, mkia tu ndio ulikuwa ukicheza. Mhudumu akatueleza kwamba wengi wa waliofungiwa huletwa wakiwa wadogo, yatima, na mnyama aliyelelewa na watu ni vigumu kurudishwa porini, kwa sababu hakufunzwa kuwinda.

Kadogo akashika waya wa nje. "Mama yake ako wapi?"

Mhudumu akaniangalia. Mimi nikaangalia ziwa.

"Alienda kazi Qatar?" Kadogo akauliza tena, kwa sauti ile ile ya kawaida, kama mtu anayeuliza kama mvua imenyesha.

Dadangu ana miaka miwili Doha. Anafua, anapika, analea watoto wa mwenye nyumba. Kadogo alipoachwa alikuwa na miaka mitatu. Mama anayemjua ni wa kwenye simu, na huyo huonekana usiku tu, kazi zikiisha, kama bando ipo. Nimezoea kumwambia "atarudi Disemba". Disemba mbili zimeshapita. Siku hiyo nilikuwa nimeshaaibishwa getini mara moja, sikutaka kudanganya tena.

"Huyu mama yake hatarudi," nikasema. "Wako anataka kurudi. Lakini sijui ni lini."

Hakulia. Akafikiria kidogo, kisha akaomba simu arekodi sauti. Nikadhani atamwambia mamake amemkumbuka. Akasema: "Mama, nimeona chui. Analala mchana. Wewe pia ulale."

Jibu liliingia usiku, tukiwa tumeshafika Nyanchwa na watoto wako kitandani. Lilikuwa la sekunde kumi na moja. Karibu zote ni pumzi, kisha: "Mwambie nimelala." Ilikuwa saa saba usiku.