Sinema Iliyonifundisha Kumtazama Mwanangu

Mimi si mtu wa sinema. Hasa sinema zile za kubuni mambo ya nyota na ya nyakati zijazo, nilizihesabu kuwa mchezo wa vijana wasio na kazi. Lakini jioni moja mwanangu wa pili alileta kompyuta ya rafiki yake, akaiweka mezani, akatuomba tutazame pamoja filamu iitwayo Avatar: The Way of Water. Ni ya pili katika hadithi hiyo. Ya kwanza ilitoka mwaka 2009, hii mwaka 2022, na zote mbili ni kazi ya James Cameron. Ile ya kwanza sikuiona, basi nikawa kama mgeni aingiaye barazani shauri likiwa limefika katikati.

Mwanzoni nilinung'unika. Filamu yapita saa 3, na katika nusu saa ya kwanza sikujua nani ni nani. Nilimwona Kanali Quaritch ameshika fuvu lake mwenyewe mkononi! Mwanangu akanieleza kwa saburi: «Baba, huyo aliuawa katika filamu ya kwanza. Kumbukumbu zake zilizohifadhiwa zimetiwa katika mwili mpya, ulio kama wa watu wa Pandora, wale warefu wenye ngozi ya buluu. Sasa anamwinda Jake Sully, askari aliyewaacha wanadamu akajiunga na wenyeji wa msitu, akaoa kwao.»

Tangu hapo nilielewa, maana mengine yote yalikuwa mambo ya nyumba yoyote. Jake aliuacha msitu na ukubwa wake, akamchukua Neytiri mkewe pamoja na watoto, wakaenda mbali kuomba kimbilio kwa Wametkayina, watu wa bahari. Sisi wa Kivu hatuna haja ya kufafanuliwa jambo hilo. Wenyeji waliwatazama wageni, wakaona mikia yao ni myembamba, haifai majini; hata hivyo wakawapokea, wakawafundisha kuogelea na kuzuia pumzi. Nasikia wachezaji nao walijifunza hivyo kweli, wakacheza ndani ya bwawa kubwa. Kate Winslet, aliye mke wa mtemi katika hadithi, alikaa chini ya maji bila kuvuta pumzi kwa zaidi ya dakika 7.

Lakini kilichonichoma ni habari ya watoto wawili wa kiume. Neteyam, mkubwa, ni mtiifu na shujaa. Lo'ak, wa pili, kila afanyalo huonekana kosa. Siku moja mwana wa mtemi alimpeleka mbali baharini kwa hila, akamwacha huko. Aliporudi salama, Lo'ak alijitwika kosa hilo yeye mwenyewe, ili mwenziwe asiadhibiwe. Baba yake hakuuliza ilikuwaje. Alimkemea kwamba ameiaibisha jamaa. Kijana huyo akapata rafiki, Payakan, mnyama mkubwa kama nyangumi, aliyefukuzwa na wenzake.

Hapo nilimtupia jicho mwanangu. Alikuwa hatazami kompyuta. Alikuwa ananitazama mimi.

Wazazi wenzangu, nitasema kweli. Mwanangu mkubwa ni mwalimu. Huyu wa pili aliacha masomo, akashika kazi ya kutengeneza redio na simu. Mara ngapi nilimwambia, mbele ya wageni, «Mtazame kaka yako»! Redio yangu mwenyewe ilipoharibika, niliipeleka kwa fundi wa mtaa mwingine.

Sitasema filamu haina kasoro. Vita vya mwisho vyaendelea mno, risasi na moto hata mtu achoke, na Neytiri, mama mwenye nguvu, apewa maneno machache. Tena nilijiuliza kama Jake aliwatendea haki wenyeji wake, maana hatari iliyomfuata iliwafikia na wao. Lakini mwisho wake ni mzito. Neteyam auawa kwa risasi. Jake naye, akiwa karibu kuzama ndani ya meli, aokolewa na Lo'ak, yule yule wa kukemewa kila siku. Wametkayina wakampokea marehemu kati ya wazee wao, nao wageni wakahesabiwa tangu siku hiyo kuwa wenyeji. Baba naye alimwambia Lo'ak kwamba anamwona.

Nilihuzunika: imempasa baba huyu kumpoteza mtoto mmoja ndipo amtambue wa pili. Mimi bado ninao wote wawili.

Asubuhi yake nilikwenda kuichukua redio kwa yule fundi. Hata kuifungua alikuwa hajaifungua. Nikamletea mwanangu, nikamwambia, «Baba, hebu nitazamie hii.» Aliipokea kwa mikono miwili. Kabla ya jua kuzama ilikuwa ikisema.