Ua la dada

Dada yangu alipopata safari ya Marekani aliniachia vitu vitatu: sufuria kubwa, godoro, na ua ndani ya kopo la mafuta la lita nne. Sufuria na godoro hajawahi kuviulizia. Ua aliliulizia kila alipopiga simu.

Ni lile la majani magumu yenye kijani, njano na nyekundu kwenye jani moja, wengine huliita krotoni. Haliliwi. Hapa Nyarugusu, wenzako wamepanga madumu bombani tangu alfajiri, halafu wewe unamwagilia ua! Jirani aliniambia wazi: "Weye unanywesha kitu hakiliwe, na lengalenga yako inakauka." Alisema kweli. Basi nikawa nalipa maji niliyooshea vyombo, kila jioni, bila kuangalia kama lina kiu.

Juni ikaingia. Wageni wanaotoka Dar es Salaam hushangaa baridi ya huku Kasulu usiku, na mchana upepo mkavu unaleta vumbi jekundu mpaka kwenye ugali. Majani yakaanza kuanguka, kwanza ya chini, kisha yote. Nikadhani ni kiu, nikaongeza maji. Katikati ya Julai nilikuwa na fimbo ndani ya kopo.

Dada akauliza. Nikamtumia picha ya Machi. Faili letu, mimi na mama, lilikuwa limesimama, presha ya mama ilikuwa juu, na kila nilichokuwa na cha kumwambia wiki ile kilikuwa kibaya. Nilitaka kimoja kiwe kizima.

Mzee mmoja wa mtaa wetu, ambaye zamani alitunza bustani za watu kule Uvira, alipita akaiona ile fimbo. Akakwaruza ganda kwa ukucha. "Angalia, ndani iko kijani. Haijakufa. Ni weye unaizamisha." Tukalitoa. Tundu la kopo lilikuwa limezibwa na matope, mizizi imekuwa myeusi, laini, inanuka kama dimbwi. Akanieleza kwamba wakati wa baridi ua halinywi sana, na likiwa halina majani hunywa kidogo zaidi. Maji yanabaki, mizizi inakosa hewa, inaoza. Akakata yote meusi kwa wembe mpaka kwenye weupe, akanionya nisijifute macho kwa sababu ya utomvu. Tukatoboa kopo kwa msumari matundu matano, tukachanganya udongo na mchanga na majani yaliyooza chini ya mwembe. Tukaliweka juu ya matofali mawili, ukutani, mbali na upepo wa mlangoni, panapopata jua la asubuhi.

"Sasa uiache. Ingiza kidole. Kama udongo iko na ubichi, usimwange. Na mbolea hapana, mpaka itoe majani."

Kuacha ndiko kulikonishinda. Jioni mkono unaenda wenyewe kwenye beseni. Nililipa kikombe kimoja kila baada ya siku kumi hivi, maji safi, na jirani akanisalimia: "Habari ya kuni zako?"

Mwisho wa Septemba, joto liliporudi, kichomozo kikatokea, kidogo kama punje ya mchele. Siku hiyo nikampigia dada, nikamwambia yote, hata ile picha ya Machi. Akanyamaza mpaka nikadhani vocha imeisha. Kisha akasema, "Unakumbuka Januari nilikwambia kazi inaenda vizuri? Nilikuwa nimelala wiki mbili naangalia theluji dirishani. Kazi hata sikuwa nayo."

Tukacheka kidogo, halafu hatukucheka. Akaniambia, "Nitumie picha ya hiyo fimbo. Ya leo."

Sasa lina majani manne, yote ya kijani tupu. Nilifikiri limebadilika tabia. Mzee anasema rangi inataka jua, ila nisilikurupushe. Jana nilisogeza matofali hatua moja.