Bampa ya Kwanza Sikuwaonyesha

Wasee, kuna video yangu mlipenda sana. Mimi na brashi, bampa ya faiba ya pikapu ya miraa, muziki juu, mwisho inang'aa. Ukweli ni kwamba bampa mliyoona nikipaka sio ile iliyong'aa. Ya kwanza niliiharibu.

Niko Kangeta. Pikapu za hapa zinatoka mbio kupeleka mzigo Nairobi kabla miraa inyauke, na bampa zinavunjika. Niliacha chuo mwaka wa pili karo iliponishinda, nikaingia karakana ya faiba kujifunza.

Kazi inakaa rahisi. Unapaka moldi waksi ili kitu kisishike, unaweka jelkoti, halafu unalaza mati ya glasi na kuilowesha na resini, rola inatoa hewa. Mati kavu ni nyeupe. Ikishiba resini, weupe unapotea. Ukibaki mahali, hapo hapana nguvu.

Siku hiyo jua lilikuwa kali. Kilo moja ya resini inataka hadena mililita 10 hadi 20 hivi, na kukiwa na joto unapunguza. Mimi nilikuwa nacheki kama simu inarekodi, nikamwaga kwa macho. Baada ya muda mfupi kopo likawa moto hata kushika siwezi, resini ikaanza kuganda kama jeli na sijafika nusu. Nikaendelea kupaka, juu kamera inaendelea. Rudini muangalie, madoa meupe yako hapo wazi.

Nilitaka kuyaficha na rangi. Fundi akagonga pale peupe kwa kidole, akasikiliza, kisha akaikanyaga. Kraa!

"Kijana, hii ikichomoka usiku barabarani, nani yuko nyuma na pikipiki?"

Sikuwa na jibu. Resini na mati nililipa kwa kazi ya siku tatu.

Kinachoniuma ni mama. Alionyesha wamama wa kanisa hiyo video: "Si niliwaambia hajapotea?" Sijamwambia.

Siku hizi napima hadena na sirinji. Glavu na barakoa pia, maana vumbi ya kusaga faiba inawasha mpaka usiku, na ile harufu ya resini sio ya kuvuta ukijigamba. Simu inakaa kwa mfuko hadi mati ishibe.

Mama, ukisoma hii, ile ya pili nilipaka mimi pia. Bado iko kwa gari, nimeiona jana pale stendi.