Theluji Ilivyofika Zuzu

Theluji katika Kiswahili ni neno la vitabuni. Watu wa mwambao tulilipokea kutoka Kiarabu, tukalitia katika tafsiri na katika masomo ya jiografia, lakini vinywani mwetu halikuwa na kazi. Baridi tuliyoijua sisi ni ya barafu ya mchuuzi wa samaki. Mimi niliyezaliwa kisiwani, nikaupitisha umri wangu katika kutunga na kufasiri, nimeliandika neno hilo mara zisizo idadi bila ya kukiona kitu chenyewe. Ushahidi wake nimeupata Zuzu, magharibi ya mji wa Dodoma, mahali ambapo hata mvua huja kwa kuhesabiwa. Nimeukuta umeandikwa ubavuni mwa tairi.

Jina la Zuzu huwachekesha wageni wangu watokao pwani, kwani kwetu zuzu ni mtu aliyepumbaa. Huwaacha wacheke, kisha nikawafunza kusema “mbukwenyi” kabla hawajaonana na mama mkwe wangu, maana Mgogo hupima adabu ya mtu kwa salamu. Mama huyo ni mkongwe, na mara mbili kila mwezi humpeleka hospitali mjini. Gari letu ni dogo, lakini katika kichochoro chetu ni moja tu, kwa hiyo si letu peke yetu. Mwanamke akishikwa na uchungu usiku, mlango unaogongwa ni wangu.

Gari hilo lilitumika Japani kabla ya kushushwa katika bandari ya Dar es Salaam, na lilikuja na mipira yake ya huko. (Visiwani twasema mpira wa gari, huku bara wasema tairi, nami nimekwisha kusalimu amri.) Kashata zake zilikuwa bado ndefu, na kila aliyeyatazama aliyasifu. Fundi mmoja tu, kijana mwenye gereji yake chini ya mkwaju, alichutama, akaubonyeza mpira kwa ukucha, akasema, “Mzee, haya ni matairi ya barafu. Huku yataisha kama sabuni.”

Alisema kweli, na kisa cha matairi hayo chastahili kusimuliwa. Zamani, katika mikoa ya Japani yenye theluji, watu walivalisha magari matairi yenye njumu za chuma ili yang’ang’anie barafu. Barabara ilipokauka, njumu zile ziliikwangua lami, na vumbi lake likawa balaa katika miji kama Sendai na Sapporo, hata mwaka 1990 ikapitishwa sheria ya kuzizuia. Ndipo yalipotamalaki matairi yasiyo na njumu. Mpira wake ni laini, na uso wake umechanjwa chale nyembamba mamia kwa mamia, kila chale ikawa ukingo wa kuumia barafu. Kampuni ya Bridgestone ilianza kuuza aina yake, Blizzak, mwaka 1988, mpira wenye vitundu vidogo vya kunyonya utando wa maji ulio juu ya barafu. Na wapenzi wa lugha wanisamehe nikichepuka kidogo: jina la kampuni hiyo nalo ni tafsiri. Mwanzilishi wake aliitwa Ishibashi, yaani daraja la mawe. Mwaka 1931 akaligeuza jina lake kwa Kiingereza, akalipindua, jiwe likaja nyuma ya daraja. Sijaona mfasiri mwingine aliyelipwa vizuri kiasi hicho kwa maneno mawili.

Basi tazama mambo yalivyo: tairi lililoenea kwa sababu ya vumbi la Sendai limesafiri bahari nzima kuja kumalizia umri wake katika vumbi la Dodoma. Lakini mpira huo hukandwa ili ubaki laini pale hewa inaposhuka chini ya nyuzi 7 hivi, wakati matairi mengine yanapokuwa magumu kama ubao. Zuzu iko juu sana kuliko usawa wa bahari, na usiku wa Julai twajifunika mablanketi, ila baridi ya kiasi hicho si ada yetu. Mchana wa Oktoba lami hutokota. Hapo vile vipande vya mpira vilivyochanjwa chale huyumbayumba kila mmoja kivyake, gari huchelewa kuitikia usukani, breki huhitaji nafasi ndefu zaidi, na tairi hulika upesi. Ukiongeza abiria watano, mizigo, na upepo pungufu, ubavu hukunjwa na kukunjuliwa kila mzunguko hadi joto lake likapita kadiri. Matabaka ya ndani huachana, na tairi hupasuka pasina kubisha hodi.

Ikanibidi ninunue mengine. Nilikuwa na fedha za tafsiri moja ndefu, ambazo nilikuwa nimeziwekea nadhiri ya kuchapishia diwani yangu. Mashairi hayo yamekwisha ngoja miaka kumi na moja. Mke wangu hakusema neno; aliuliza tu ni siku gani mama anarudi hospitali.

Mjini muuzaji alinionyesha matairi mapya, akanambia, “Haya ni ya misimu yote, mzee wangu.” Nikasimama. Misimu yote ya nani? Sisi wa visiwani tuna kaskazi na kusi, masika na vuli, kipupwe na demani. Zuzu ina kifuku, kuanzia Desemba hadi Aprili au karibu yake, na kiangazi kinachomeza miezi iliyobaki. Maneno hayo yalitungwa katika nchi zenye majira manne, na moja kati ya hayo manne ni theluji. Tairi la misimu yote ni suluhu iliyofanywa na watu wengine baina ya joto lao na baridi yao. Huko, kwa ndugu zetu waliohamia Minnesota au Ujerumani, suluhu hiyo ina maana yake. Hapa nusu ya ahadi haina wa kuidai.

Ubavuni palikuwa na herufi M na S, ufupisho wa Kiingereza wa tope na theluji. Herufi hizo hutegemea namna kashata zilivyochongwa. Mtengenezaji aweza kuziandika bila ya tairi kupita mtihani wowote wa theluji. Ndiyo maana Ujerumani, tangu Oktoba 2024, haikubali tena herufi hizo peke yake kwa safari za barabara zenye theluji. Hutaka alama ya mlima wa vilele vitatu wenye chembe ya theluji ndani yake, ambayo hupatikana kwa kujaribiwa. Nilipoiona alama hiyo mara ya kwanza nilidhani ni Kilimanjaro, na Kibo, Mawenzi na Shira yake. Kwa mnunuzi wa Dodoma mlima huo ni onyo: ukiuona, uliza kama mpira ni laini.

Ile M ndiyo iliyonipasa. Kifukuni udongo mweusi wa mbuga hugeuka gundi, na tairi lenye mifereji myembamba hujaa tope likawa kipara papo hapo. Nikataka mifereji mipana, na mbavu nene kwa ajili ya mawe ya changarawe. Nikasoma 91, yaani kila tairi laweza kubeba kilo 615. Nikatafuta herufi ya kustahimili joto, ambayo huandikwa A, B au C, na A ndiyo bora. Mwisho nikatafuta tarakimu nne za kuzaliwa kwake, mbili za wiki na mbili za mwaka, kama mnakili wa zamani alivyoandika mwishoni mwa msahafu tarehe aliyoukhitimisha. Katika rundo la mitumba, ambako bei ilikuwa nusu, nilikuta tairi lenye kashata nzuri na tarakimu 3507: wiki ya 35 ya mwaka 2007. Lilikuwa na umri wa kijana wa kuoa. Mpira huzeeka hata ukikaa ghalani, na kashata hazisemi umri.

Fundi wangu alishauri ninunue mapya mawili, ya theluji yabaki nyuma mpaka yaishe. Nilikataa. Gari ambalo mbele lina mpira mgumu na nyuma mlaini ni kama ubeti ulioanza kwa mizani nane na kumaliza kwa sita. Msomaji atajikwaa, na mahali pa kujikwaa patakuwa kwenye kona yenye maji. Asiyeweza ila mawili, na yote manne ni ya namna moja, ayatie mapya nyuma, kwani nyuma ikiteleza gari hugeuka kichwa mkia. Mafundi wengi huyatia mbele. Nimebishana nao, wengine wameniona msumbufu.

Nikalipa manne. Sasa hupima upepo alfajiri kabla gari halijatoka, maana upepo hutanuka kwa joto, na anayepima mchana hudhani umezidi akaupunguza. Mama mkwe hunisikia nikipiga magoti nje, huuliza kwa dirisha, “Mkwe, upepo upo?” Humjibu kwamba upo, thelathini na mbili. Swali hilo babu zangu waliulizana kabla ya kutweka tanga.

Yale ya theluji nilimpelekea mshona katambuga sokoni. Aliyageuza geuza, akalalamika kwamba chale zimezidi na soli itamegeka, kisha akachukua mawili kwa bei ya kunihurumia. Mawili yamebaki nyuma ya nyumba. Nimeyatoboa matundu ili kifuku kikija yasituamishe maji ya kuzalia mbu.