Namba ya Mkondo

Wasomaji wa visiwani hawahitaji kufundishwa maana ya mkondo. Nahodha avukaye Mlango wa Pemba huujua kabla hajauona. Sisi wa Kikuyu, hii ya Dodoma na si ile ya jirani zetu wa Kenya, mito yetu ni mchanga mtupu sehemu kubwa ya mwaka, na mkondo wetu umo chini ya ardhi. Mwanafunzi mmoja wa hapa mtaani aliponiomba Kiswahili cha dhana aliyoiasisi Lagrange mwaka 1781, nilikaa nayo majuma mawili.

Dhana yenyewe ni hii. Maji yaendayo katika bapa moja, bila kubanika, huchorewa mistari ifuatayo mwendo wake, na kila mstari hupewa namba isiyobadilika kote upitapo. Toa namba ya mstari mmoja katika ya mwenziwe: tofauti ndiyo kiasi cha maji kipitacho baina yao kwa kila sekunde. Mistari ikikaribiana, maji yanakwenda mbio, ikitawanyika, yanatambaa. Wala hakuna tone livukalo mstari.

Nikaiita namba ya mkondo. Wanahisabati watanung'unika; afadhali manung'uniko yao kuliko neno la kukopa litakalorukwa na msomaji.

Kwa mistari hiyo wahandisi huchora namna maji yajongeavyo visimani. Dodoma hupata wastani wa mvua usiofika milimita 600 kwa mwaka, na mji umeyategemea mno maji ya visima virefu vya bonde la Makutupora, ambako vina vya maji (si vina vyetu vya shairi) vimepimwa tangu miaka ya 1950. Vipimo vyaonyesha kuwa hazina hiyo haijazwi kila mwaka. Hupungua miaka mfululizo, kisha hupanda kwa misimu michache ya mvua kubwa, kama ile ya El Niño ya 1997 na 1998. Serikali ilianza kuhamia hapa kwa wingi mwaka 2016, na wanywaji wameongezeka. Mstari ulioishia katika kisima kimoja haufiki katika kingine.

Kijana alinichorea visima viwili vyenye nguvu sawa. Katikati yake pana nukta ambapo maji hayaendi popote, yamevutwa huku na huku. Anataka jina la nukta hiyo pia. Sijalipata, huenda wavuvi wenu wanalo.