Kocha wa watoto ni mwalimu kwanza

Nimepotea kidogo: semina, asaimenti, na boom nalo likachelewa. Ila jioni tatu kwa wiki niko kiwanjani, namsaidia kocha wa akademi moja jirani na chuo (jina nabaki nalo), timu ya chini ya miaka 13.

Wiki iliyopita mwenye akademi kaja na cheti cha kuzaliwa kwa ajili ya bonanza. Cheti ni cha dogo wa darasa la sita, lakini wa kukichezea ni kaka yake wa kidato cha pili. "Mbona wote wanafanya hivyo!" Nikamwambia, samahani mzee, fomu hiyo mimi sijazi. Akanuna, akasema wasomi tuna maneno mengi. Mpaka leo hanisemeshi.

Jamani, si ubishi. Serengeti Boys walifuzu fainali za Afrika za vijana wa chini ya miaka 17 zilizofanyika Gambia mwaka 2005, wakaenguliwa kwa suala la umri. Kosa la karatasi, wakaumia vijana wote. Na tangu mwaka 2009 FIFA inapima kifundo cha mkono kwa MRI kwenye Kombe la Dunia la umri huo, kwa hiyo cheti cha kuazima hakifiki mbali.

Kuna na pesa pia. Mchezaji akiuzwa nje, asilimia 5 ya ada hugawiwa klabu zilizomlea kuanzia miaka 12 hadi 23. Kama kumbukumbu zako ni za uongo, utadai nini?

Lakini kinachoniuma zaidi ni hiki. Kaka mtu akiingia, dogo anakaa benchi, na ndiye aliyehitaji kucheza. Huyo kaka naye anajifunza nini? Anawazidi wenzake mbio na misuli, akili haitumii. Siku akikutana na wa rika lake, kwisha habari yake. Kocha kapata kombe, watoto wawili wamepoteza mwaka.

Hapa Bongo wachezaji humwita kocha "mwalimu", na mimi nalichukulia neno hilo kama lilivyo. Mwalimu gani anampa wa kidato cha pili mtihani wa darasa la sita, halafu anajisifu shule imefaulu? Kazi ya kocha inaonekana mazoezini. Sisi hatupangi watoto thelathini foleni wakisubiri mpira mmoja. Tunawagawa watano kwa watano, viwanja vidogo, kila mmoja auguse mpira mara nyingi na aamue mwenyewe: apige pasi au akokote?

Nawauliza nyie wenzangu wa Elimu, maana tukishaajiriwa, ticha kijana ndiye anayetupiwa timu ya UMISSETA, apende asipende. Mkuu wa shule akitaka kombe kwa njia yoyote, wewe utamjibuje? Anzeni kufikiria sasa.

Nawasilisha.