Juala ya Githeri

Nilipoacha chuo, aliyenilisha ni mathe wa kibanda nyuma ya ploti yetu. Kwenye daftari lake la madeni nina ukurasa mzima. Nikipata kazi ya kuandika nalipa, nikikosa anapakua tu.

Githeri yake huchemka kwa makaa, juala ya mkate imetandikwa juu ya sufuria chini ya kifuniko. Mvuke hautoki, makaa hayaishi haraka. Wengi wetu tumekuzwa na chakula cha hivyo. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Agosti 2017, lakini mkate bado huja na juala yake.

Juzi klayenti alinipa kazi: maneno 1,000 kuhusu kemikali za plastiki. Kumbe plastiki haiji peke yake. Kiwandani huongezewa vitu vya kuilainisha, kuipa rangi, kuikinga na jua. Vingi havijashikana nayo, vimejikalia tu ndani kama abiria asiye na mkanda. Joto na mafuta huvitoa. Thaleti, zinazolainisha plastiki ya PVC, huvuruga homoni. Bisfenoli A ndiyo ilinishtua: miaka ya 1930, Edward Charles Dodds, mwanasayansi wa London, aliipima akitafuta homoni ya kike ya kutengenezwa. Ikafanya kazi kama homoni! Bado ilikuja kuwekwa kwenye chupa za watoto, hadi Umoja wa Ulaya ukaipiga marufuku humo mwaka 2011.

Juala ya mkate si lazima iwe na hizo mbili. Lakini ilitengenezwa kubeba mkate, si kukaa kwenye mvuke masaa 3. Na ukiichoma, sumu inahamia kwenye moshi.

"Mathe, hiyo juala si poa kwa chakula."

"Nani amesema?"

Nikamweleza yote. Akasikiliza huku akichagua maharagwe.

"Sasa makaa utaninunulia wewe?"

Sikuwa na jibu. Mimi ndiye nakula kwa deni, halafu namfundisha kupika.

Pesa ya klayenti ilipoingia, sikulipa deni. Nilimnunulia kifuniko kizito cha kubana sufuria vizuri. Akakigeuzageuza, akakijaribu, akakubali. Deni hakufuta hata shilingi.

Juala akaikunja vizuri, akaiweka kando ya jiko.

"Hii ni ya kuwashia kesho."